Kanisa Ni la Nani? Karibu Karne Tatu za Parishi ya The Falls Church, Virginia

Mnamo Desemba 2006, waumini wa The Falls Church, parishi ya Kiepiskopali iliyo kilomita kumi hivi magharibi ya jiji la Washington, walipiga kura kwa muda wa wiki nzima. Swali lilikuwa moja: wabaki ndani ya Kanisa la Episkopali la Marekani, yaani kanisa la Kianglikana la nchi hiyo, au watoke? Matokeo yalitangazwa Jumapili ya tarehe 17. Zaidi ya watu 1,200 walitaka kutoka, sawa na asilimia 90 ya waliopiga kura. Waliotaka kubaki walizidi mia kwa uchache tu. Siku hiyohiyo Truro Church, parishi ya mji wa jirani wa Fairfax, ikatangaza matokeo yanayolingana na hayo.

Kwa kuwa waliotoka walijiweka chini ya askofu wa Kanisa la Nigeria, habari ilizunguka dunia kwa sura moja: kanisa la George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, limehamia Nigeria. Ni sura inayovutia, lakini imechanganya mambo. Washington hakuwahi kuwa na kanisa lake hapo. Nigeria haikupata hata tofali moja. Wala ugomvi wenyewe haukuanza mwaka 2006. Ili kuuelewa inabidi turudi nyuma hadi wakati tumbaku ilipokuwa fedha, tukiuliza swali lilelile katika kila kizazi: kanisa hili ni la nani?

Virginia ya karne ya 18 ilikuwa koloni la Uingereza, na Kanisa la Uingereza ndilo lililokuwa dini ya serikali. Parishi haikuwa tu kundi la waumini wanaokutana Jumapili. Ilikuwa eneo la utawala lenye mipaka yake, na kila aliyeishi ndani ya mipaka hiyo alihesabiwa humo, apende asipende, awe Mwanglikana, Mpresbiteri au asiye na dini. Parishi ya Truro ya wakati huo, eneo zima na si Truro Church ya leo, iliundwa mwaka 1732, na muda mfupi baadaye kanisa la mbao likajengwa kwenye njia panda iliyokuwa karibu na barabara ya kwenda kwenye maporomoko madogo ya mto Potomac. Kutokana na maporomoko hayo watu wakaliita The Falls Church, yaani kanisa la maporomoko. Mji wenyewe ulikuja baadaye sana na kuchukua jina la kanisa. Ulipata hadhi ya mji mwaka 1875, na mwaka 1948 ukawa jiji linalojitegemea, ingawa eneo lake lote ni kama kilomita 5 za mraba tu.

Aliyeendesha parishi ni baraza la wazee wa kanisa, wanaume 12, aghalabu wenye mashamba makubwa. Kazi zao zingewashangaza wazee wa kanisa wa leo. Walitoza kodi. Walitunza mayatima, walilisha maskini, waliwafuatilia baba wa watoto waliozaliwa nje ya ndoa, na kila baada ya miaka kadhaa walisimamia ukaguzi wa mipaka ya mashamba kwa kutembea juu yake. Kwa lugha yetu ya leo lilikuwa baraza la kata na baraza la kanisa kwa pamoja. George Washington alipochaguliwa kuwa mjumbe wa baraza la Truro mwaka 1762, alichukua cheo cha uongozi wa mtaa ambacho bwana shamba wa daraja lake alitarajiwa kukishika. Alikuwamo barazani mwaka uliofuata, wazee walipoamua kwamba kanisa la mbao limeoza na halifai kutengenezwa. Mwaka 1765 parishi ya Truro iligawanywa, na The Falls Church ikaangukia parishi mpya ya Fairfax. Mipaka ilipovutwa tena, nyumba ya Washington ya Mount Vernon ikarudi Truro. Ibada zake alizifanya zaidi kwenye makanisa mengine, Pohick na baadaye Christ Church ya Alexandria, ambako alinunua kiti cha familia. Kwa hiyo uhusiano wake na The Falls Church ni wa kweli lakini ni mwembamba, na wanaotaka kuunenepesha hawaitendei historia haki.

Kanisa la matofali linaloonekana hadi leo lilimalizwa mwaka 1769, kwa ramani ya James Wren. Ni jengo la mstatili lisilo na mnara, lenye madirisha marefu ya vioo visivyo na rangi, lililojengwa ili neno lisikike. Fedha zilitoka kwenye kodi, na kodi ililipwa kwa tumbaku. Sheria ya koloni ilikuwa imeweka mshahara wa kasisi kuwa pauni 16,000 za tumbaku kwa mwaka, yaani zaidi ya kilo 7,000. Kodi hiyo ilitozwa kwa kichwa: kila mwanamume mweupe aliyetimiza miaka 16, na kila mtumwa wa umri huo, mwanamume kwa mwanamke, ambaye bwana wake alimlipia. Hapa ndipo mtu anapaswa kusimama kidogo. Watu waliotumikishwa walihesabiwa kwenye daftari la kodi ya kanisa, tumbaku iliyolipia matofali waliilima wao, na kazi ya ujenzi wenyewe ilikuwamo mikononi mwao pia. Lakini wazee wa kanisa walipouliza ni nani mwenye kanisa, hakuna aliyewahesabu. Imechukua karibu miaka 250 kwa parishi kuweka bamba la kumbukumbu linalokiri wazi, kwa shukrani na toba, kwamba watumwa walishiriki kulijenga. Naliona bamba hilo kuwa na uzito kuliko hadithi zote za Washington zinazosimuliwa pale.

Kisha yakaja mapinduzi. Baada ya 1776 koloni likawa jimbo la nchi huru, na Kanisa la Uingereza likajikuta katika nchi iliyokuwa vitani na Uingereza. Kodi ya mishahara ya makasisi ilisimamishwa, na baadaye ikafutwa kabisa. Januari 1786 bunge la Virginia likapitisha sheria ya uhuru wa dini iliyoandikwa na Thomas Jefferson, na kuanzia hapo hakuna mtu aliyeweza kulazimishwa kuchangia kanisa lolote. Mwaka 1802 likafuata pigo la mali: serikali ikaruhusiwa kuyachukua na kuyauza mashamba ya parishi yaliyokuwa yakiwatunza makasisi, kwa hoja kwamba yalinunuliwa kwa kodi ya watu wote na hivyo ni ya watu wote. Majengo ya ibada na viwanja vya makaburi havikuguswa.

Hali ya wakati huo inaonekana vizuri katika maisha ya kasisi wa parishi ya Fairfax, David Griffith. Mwaka 1786 alichaguliwa kuwa askofu wa kwanza wa Virginia. Ili awekwe wakfu alipaswa kusafiri hadi Uingereza, kwa kuwa Waanglikana huamini kwamba askofu huwekewa mikono na maaskofu waliomtangulia. Nauli haikupatikana. Kanisa ambalo miaka 20 kabla lilikuwa likitoza kodi mji na shamba lilishindwa kuchanga fedha za kumpandisha askofu wake mteule melini. Griffith alijiuzulu uteule huo mwaka 1789, akafariki mwaka huohuo akiwa Philadelphia, kwenye mkutano ulioliunda rasmi Kanisa la Episkopali. James Madison, binamu wa yule aliyekuja kuwa rais, ndiye aliyewekwa wakfu kuwa askofu wa Virginia mwaka 1790.

Kwa miongo kadhaa The Falls Church haikuwa na kasisi wala ibada ya kudumu. Ilifufuka katika miaka ya 1830, kwa msaada wa wanafunzi wa chuo cha theolojia kilichoanzishwa Alexandria mwaka 1823, na kwa mkono wa Henry Fairfax, mwenyeji aliyegharimia matengenezo kwa fedha zake mwenyewe. Hapa jibu la swali letu likabadilika. Kanisa lililokuwa la serikali sasa lilikuwa la wale waliokubali kulibeba kwa hiari. Miaka 30 haikupita kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kufika mlangoni. Majeshi ya Kaskazini yalilitumia jengo kama hospitali, kisha kama zizi la farasi. Vita vilipokwisha, serikali ya Marekani ililipia matengenezo.

Karne ya 20 ndiyo iliyoifanya parishi hii kuwa ya kitongoji, kwa maana Wamarekani wanayoielewa: nyumba za familia zenye bustani, barabara pana, watu wanaoamka asubuhi kwenda kazini katikati ya jiji na kurudi jioni. Serikali ya Washington ilivimba wakati wa Vita Kuu ya Pili, jengo la Pentagon likakamilika mwaka 1943, na mashamba ya kaskazini mwa Virginia yakageuka makazi ya watumishi wa umma, maofisa wa jeshi na wanasheria. Wengi walikuwa wageni wasio na ndugu karibu, na wengi walihamishwa kila baada ya miaka michache. Kwa watu wa namna hiyo parishi hufanya kazi ambayo kwetu hufanywa na ukoo. Mtoto akizaliwa, kuna watakaoleta chakula. Mume akipelekwa vitani, kuna watakaomkumbuka mkewe.

Inafaa kueleza parishi ya Kiepiskopali inavyoendeshwa, kwa sababu mgogoro wote uliofuata umejificha ndani ya utaratibu huo. Waumini hukutana mara moja kwa mwaka, aghalabu Januari, na kuchagua wazee wa baraza, ambao kwa kawaida hutumikia miaka mitatu. Wawili kati yao huwa wazee wakuu: mmoja hutazamwa kama msaidizi wa karibu wa kasisi, mwingine kama sauti ya waumini. Kasisi kiongozi akiondoka, parishi haipangiwi mtu na askofu kama ilivyozoeleka katika dayosisi nyingi za Afrika Mashariki. Baraza huunda kamati ya kumtafuta, kasisi wa muda hushika nafasi, wanaotaka kazi huomba na kuhojiwa, na mwisho baraza humwita mmoja baada ya askofu kuridhia. Jambo hilo laweza kuchukua mwaka mzima au zaidi. Kila vuli waumini hupewa karatasi za ahadi, na kila familia huandika itatoa kiasi gani mwaka unaokuja. Bajeti ya mishahara, umeme, shule ya Jumapili na misaada kwa maskini hutegemea ahadi hizo. Hakuna ruzuku kutoka juu. Kinyume chake, parishi ndiyo inayoipelekea dayosisi sehemu ya mapato yake.

Baada ya ibada watu hawatawanyiki. Huenda ukumbini kunywa kahawa, na hapo ndipo parishi hasa inapoishi. Hapo mgeni hutambuliwa, mjane huulizwa hali, na kamati ya altare, ambayo kazi yake ni kufua na kupiga pasi vitambaa vya Meza ya Bwana na kusafisha vyombo vyake, hupanga zamu. Baraza la parishi ya Marekani laweza kukaa kikao hadi usiku likijadili paa linalovuja. Mwanglikana wa Muheza au Maseno akikaa nao nusu saa tu ataona kwamba mengi anayajua.

Kutokana na utaratibu huo, muumini hujiona mwenye kanisa. Amemchagua mzee, mzee amemwita kasisi, ahadi yake ndiyo iliyolipia paa. Hisia hiyo ni ya haki. Lakini Kanisa la Episkopali, kama jina linavyoonyesha, ni kanisa la maaskofu. Kasisi huapa kutii mafundisho na nidhamu ya kanisa lake kabla ya kuwekewa mikono. Wazee wa baraza nao hutoa kiapo. Parishi haiwezi kuuza wala kuweka rehani jengo lake bila idhini ya ngazi ya dayosisi. Mwaka 1979 mkutano mkuu wa kanisa uliongeza kanuni inayosema kwamba mali yote ya parishi imeshikwa kwa amana kwa ajili ya kanisa zima na dayosisi yake. Kwa msomaji wa Tanzania hilo si jipya, kwa sababu hati za viwanja vya kanisa huku kwa kawaida huwa chini ya wadhamini waliosajiliwa wa dayosisi. Virginia mambo yalikuwa tofauti. Kwa muda mrefu jimbo hilo liliogopa kuwapa makanisa hadhi ya kisheria ya kumiliki mali nyingi, kwa kumbukumbu ya enzi ya kodi ya tumbaku. Hati ya parishi ilikaa kwa majina ya wadhamini wa parishi yenyewe, walioteuliwa kupitia mahakama ya kaunti. Kiwanja cha The Falls Church kilinunuliwa mwaka 1746 kutoka kwa John Trammell, na mnunuzi alikuwa baraza la wazee la parishi ya Truro. Dayosisi haikuwepo wakati huo. Wala Marekani yenyewe.

Mwaka huohuo wa 1979, The Falls Church ilipata kasisi kiongozi aliyeibadilisha, John Yates, ambaye alitumikia miaka 40. Mahubiri yake yalishika Biblia kwa nguvu, kwa namna ambayo Mwanglikana wa Afrika Mashariki aliyelelewa na uamsho angeitambua mara moja. Vikundi vya kujifunza Biblia majumbani viliongezeka, parishi ikaanzisha makanisa mabinti, na mwaka 1992 likafunguliwa jengo jipya kubwa kando ya lile la 1769, kwa kuwa la zamani halikutosha. Haya yalitokea wakati Kanisa la Episkopali kwa ujumla lilikuwa likipungua: kutoka watu milioni 3.6 hivi katikati ya miaka ya 1960 hadi takriban milioni 1.5 leo. Parishi inayokua ndani ya kanisa linalopungua hujiamini. Pengine hujiamini kupita kiasi, na pengine huko juu hutazamwa kwa wivu. Nadhani yote mawili yalikuwapo.

Tatizo lililokuwa likichemka lilifumuka mwaka 2003. Gene Robinson, kasisi aliyeishi waziwazi na mwanamume mwenzake, alichaguliwa kuwa askofu wa New Hampshire, na mkutano mkuu wa kanisa ukamthibitisha. Askofu wa Virginia, Peter James Lee, alikuwa kati ya waliopiga kura ya ndiyo. Kwa walio wengi The Falls Church hilo lilikuwa tone la mwisho katika mabishano ya miaka mingi kuhusu mamlaka ya Maandiko. Kwa wengine, wakiwamo baadhi ya waumini wa parishi hiyohiyo, lilikuwa jambo la haki lililochelewa. Simulizi nyingi hugeuza upande mmoja kuwa wapumbavu au wabaya. Walikuwa watu waliobatizana watoto na kuzikana wazazi.

Ndipo Afrika ikaingia. Mwanglikana hawezi kuwa bila askofu. Anayemkataa askofu wake lazima atafute mwingine, na ndani ya Ushirika wa Kianglikana maaskofu wengi waliopinga hatua ya Wamarekani walikuwa Afrika. Rwanda ilitangulia mwaka 2000, askofu mkuu wake Emmanuel Kolini aliposhiriki kuwaweka wakfu Wamarekani wawili huko Singapore. Kanisa la Nigeria chini ya Peter Akinola lilimweka wakfu Martyn Minns, kasisi kiongozi wa Truro, mwaka 2006, na ndiye The Falls Church iliyomkubali. Mwishoni mwa Agosti 2007, katika kanisa kuu la All Saints jijini Nairobi, Askofu Mkuu Benjamin Nzimbi aliwaweka wakfu Wamarekani wawili. Siku chache baadaye huko Mbarara, Uganda ikamweka wakfu John Guernsey, kasisi wa parishi nyingine ya kaskazini mwa Virginia. Waliokuwa wakienda kuomba walikuwa matajiri wa vitongoji vya Washington. Waliokuwa wakiombwa walikuwa wana wa makanisa yaliyopandwa na wamisionari wa Kizungu. Uhusiano huo ulikuwa wa kiroho na kinidhamu. Hakuna hati ya kiwanja iliyobadilishwa jina kwenda Abuja, Kigali, Kampala wala Nairobi. Baadaye makundi mengi ya namna hiyo yakaungana kuunda kanisa lao la Kianglikana la Amerika Kaskazini, mwaka 2009.

Swali la majengo lilikwenda mahakamani, na hapo likakutana na sheria ya ajabu. Katika miaka ya 1840 Wamethodisti na Wabaptisti wa Marekani waligawanyika Kaskazini na Kusini kwa sababu ya utumwa, na Wapresbiteri wakawafuata. Makanisa mengi ya Virginia yalibaki yakigombaniwa. Mwaka 1867 bunge la jimbo likaweka sheria: mgawanyiko ukitokea ndani ya kanisa, waumini wa mahali wataamua kwa kura ya wengi watafuata tawi gani, na uamuzi huo utamaliza suala la mali. Waepiskopali, waliotengana wakati wa vita tu na kurudiana haraka, hawakuihitaji sana. Ililala vitabuni kwa miaka mingi hadi wanasheria wa parishi zilizojitenga walipoifungua. Kwa nini kura ilipigwa wiki nzima, kwa utaratibu makini namna ile? Kwa sababu kura yenyewe ilikuwa ushahidi.

Dayosisi ilifungua mashauri mwanzoni mwa 2007, na parishi 11 zikawa kwenye kesi. Mwaka 2008 jaji wa kaunti ya Fairfax, Randy Bellows, aliamua kwamba mgawanyiko ulikuwapo na sheria ya 1867 ilihusika. Waliojitenga wakashangilia. Juni 2010 Mahakama ya Juu ya Virginia ikaligeuza hilo. Hoja yake ilikuwa nyembamba lakini nzito: ili sheria itumike, tawi unalohamia lazima liwe limechipuka kutoka katika kanisa uliloliacha. Kundi lililoundwa na Kanisa la Nigeria, ambalo waliojitenga walijiunga nalo, halikuwa tawi la Kanisa la Episkopali. Lilikuwa tawi la Nigeria. Njia ya kiaskofu waliyoichagua, ili wabaki Waanglikana halali machoni mwa Ushirika mzima, ndiyo iliyowanyima kinga ya sheria.

Shauri likarudi chini, safari hii kwa kanuni za kawaida za mali. Jaji Bellows alisikiliza ushahidi kwa majuma kadhaa mwaka 2011, na Januari 2012 akatoa hukumu ndefu ya kuipa dayosisi ushindi. Alitazama hati, lakini alitazama pia mwenendo. Kwa vizazi parishi ilipokea maaskofu waje kutoa kipaimara, ilipeleka wajumbe kwenye mikutano ya dayosisi, ilitumia Kitabu cha Sala cha kanisa hilo, iliomba ruhusa kabla ya kukopa kwa dhamana ya jengo. Huwezi kuishi miaka 150 na zaidi kama mtoto wa nyumba, kisha ukasema nyumba haikuwahi kuwa na baba. The Falls Church peke yake ilikata rufaa. Aprili 2013 Mahakama ya Juu ya jimbo ilithibitisha kwamba majengo ni ya dayosisi, na Machi 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza. Mabishano yaligusa hadi fedha za sadaka, zipi ni za kabla ya kura na zipi ni za baada yake. Gharama za mawakili zilifika mamilioni ya dola, na dayosisi ililazimika kukopa.

Kwa upande wa sheria naona hukumu ilikuwa sahihi. Parishi ya Kianglikana si chama ambacho wanachama wa mwaka fulani wanaweza kukivunja na kugawana viti. Lakini nasema hivyo nikijua kwamba waliohukumiwa kuondoka ndio waliolipia jengo la 1992.

Waliobaki Waepiskopali walikuwa wachache, na magazeti hayakuwajali sana. Baada ya kura walijikuta nje ya kanisa lao, wakapokewa na majirani zao Wapresbiteri ng'ambo ya barabara, wakasali ukumbini mwao miaka mitano. Kundi dogo lile liliunda baraza lake, likaandika ahadi zake, likapika kahawa yake. Mwaka 2012 lilirudi likiwa na majengo yaliyolizidi kwa mbali. Ilibidi lijifunze kuyajaza: ibada za Kiepiskopali zikaendelea, shule ya watoto wadogo ikafunguliwa, na waumini wapya wakaja, wakiwamo wale ambao zamani wasingejiona wamekaribishwa. Maelfu walioondoka Mei ya mwaka huo nao wakaanza maisha ya kuhamahama. Walisali kwenye kumbi za shule, mojawapo ya Wakatoliki, hadi walipofungua jengo lao jipya Septemba 2019, si mbali na lile la zamani. Yates aliongoza hadi mwaka huo. Jina halikugawanyika vizuri: wanaosali kwenye kanisa la zamani ni The Falls Church Episcopal, walioondoka ni The Falls Church Anglican. Mgeni anayetafuta ibada katika mji huo hupotea kirahisi.

Lakini kulikuwa na njia nyingine, na ilipendekezwa pwani ya Afrika Mashariki. Februari 2007, wiki chache baada ya mashauri kufunguliwa, maaskofu wakuu wa Kianglikana wa dunia nzima walikutana Dar es Salaam. Askofu kiongozi wa Marekani, Katharine Jefferts Schori, alikuwapo. Maaskofu wakuu saba walikataa kushiriki Meza ya Bwana pamoja naye. Jumapili walivuka hadi Unguja kwa ibada katika kanisa kuu la Mkunazini, lililojengwa kwenye uwanja wa soko la watumwa. Tamko lao la mwisho lilizungumzia mali moja kwa moja. Waliwasihi Waepiskopali na waliojitenga wasimamishe kesi zote. Waliwasihi pia pande mbili ziahidiane mambo mawili: mali isiondolewe mikononi mwa Kanisa la Episkopali bila idhini yake, na waumini wanaoitumia wasinyimwe matumizi yake.

Hakuna aliyesikiliza. Kesi ziliendelea miaka mitano. Kisha Aprili 2012, baada ya hukumu, Truro Church ikaamua kutokata rufaa, ikakaa mezani na askofu mpya wa Virginia, Shannon Johnston. Walikubaliana kwamba jengo ni la dayosisi, na kwamba waliojitenga wataendelea kusali humo bila kodi ya pango hadi katikati ya 2013. Muda huo ulipokwisha mkataba uliongezwa. Kasisi wa Truro na askofu aliyekuwa mpinzani wake mahakamani wakaanza kukutana kuomba pamoja, jambo ambalo baadhi ya watu wa pande zote mbili hawakulipenda. Ukiusoma mkataba ule kando ya tamko la Dar es Salaam, ahadi zote mbili zimo.